Bendi ya watu wawili isiyo na mwimbaji: namna tunavyoiendesha hapa Mombasa

Kila tukipigiwa simu na mwenye shughuli, baada ya salamu na bei huja swali lile lile: "Na mwimbaji wenu ni nani?" Hatuna. Tuko wawili tu. Mimi napiga gitaa na taishokoto, binamu yangu wa Likoni ana sinthesaiza, mashine ya ngoma na kompyuta, na kwa miaka tisa sasa hakuna kati yetu aliyeshika maikrofoni jukwaani ila kwa kusalimia na kushukuru. Tumepiga harusi Kisauni, hoteli za Bamburi na Diani, kumbi ndogo za mjini. Majuzi vijana wawili wa Majengo, mmoja ana gitaa na mwenziwe ana kompyuta, walikuja barazani kwetu Mji wa Kale wakaniuliza, "Ami, tuanzie wapi?" Niliongea nao mpaka adhana ya isha na sikumaliza. Hapa najaribu kumaliza. Nawaita "nyinyi" kwa sababu maneno haya yanafaa yasomwe na watu wawili walioketi pamoja.

Kwanza niwatoe hofu. Muziki usio na maneno si mgeni pwani. Taarabu ya Unguja tangu zamani hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu kinachopigwa kabla mwimbaji hajasimama. Nzumari inachezesha watu bila kutamka neno. Na hii taishokoto yangu ni shahidi mwingine: ni ala ya Kijapani, nyuzi juu ya ubao na vitufe kama vya taipureta, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912. Ikafika kwetu, wazee wa taarabu ya Mombasa wakaitia umeme wakaifanya yao. Kwa hiyo mtu akiwaambia gitaa la umeme na mashine si mambo ya hapa, mwambieni aulize harusi za nyanya yake zilikuwa na ala gani.

Huko nje pia wapo wa kuwasikiliza. Sisi tulijifunza mengi kwa Ratatat, wawili wa Brooklyn, New York: Mike Stroud kwenye gitaa na Evan Mast kwenye sinthesaiza, besi na utayarishaji. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2004, ya tano 2015, zote za ala. Sikilizeni jinsi gitaa zinavyopangwa moja juu ya nyingine, zikipanda na kushuka pamoja kama watu watatu wanaoimba kwa sauti tofauti. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wao hawakumtoa mwimbaji wakaacha pengo. Kazi yake wameipa gitaa.

Andikeni kwa mizani ya shairi

Hapa ndipo bendi nyingi za ala zinapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mkianza na mashine, mtapata mdundo mzuri, juu yake mtaweka kodi nne (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), juu yake vijisauti, na baada ya dakika tatu msikilizaji hana cha kwenda nacho nyumbani. Anzeni na wimbo wenyewe, ule mstari mmoja ambao mtu anaweza kuuvumisha puani akiosha vyombo.

Njia yetu ni hii. Tunachukua shairi la kawaida, mishororo minne, kila mshororo mizani 16 zilizogawika nane kwa nane, tunatunga ubeti wetu wenyewe. Mmoja wa kwetu unaanza hivi:

Bahari imetulia, nahodha matanga tweka,
Na upepo waingia, twende mwambao kufika.

Kisha naupiga, noti moja kwa kila mizani, kwenye taishokoto. Nane za kwanza, nane za pili. Kina cha kati, kile cha "-ia", nakitulizia noti ile ile kila mshororo. Kwenye wimbo huu ni A. Kina cha mwisho, "-ka", nakirudisha D, nyumbani. Mshororo wa nne unabadilika, kama vile mshairi anavyobadilisha vina kwenye kimalizio, na hapo ndipo wimbo unapopanda. Baada ya wiki moja ya kuupiga hivyo tunayaacha maneno. Yanabaki ndani kama mbao za kalibu zinavyobakisha alama kwenye zege: hakuna anayeyasikia, lakini sikio la mtu wa pwani linajua kwamba hapa pana kituo, hapa pana kina, hapa sasa linakuja jibu.

Taishokoto inanisaidia kwa sababu haijui kodi. Unabonyeza kitufe kimoja, unapata noti moja, basi. Kama hamna taishokoto, pigeni gitaa kwa uzi mmoja tu mpaka wimbo ukamilike. Ukiweza kusimama kwa uzi mmoja utasimama kwa kila kitu.

Ngazi tunayoitumia sana ni hijazi: D, E-flati, F-shapu, G, A, B-flati, C. Ile nafasi pana kati ya E-flati na F-shapu ndiyo inayomfanya mzee aliyeketi nyuma ainue kichwa. Gitaa la kawaida linaipiga bila shida. Rasti na bayati, ngazi nyingine za taarabu, zina noti za robo toni, na vyuma vya kwenye shingo ya gitaa havizifikii. Huko mtumie kuvuta uzi, au kama sinthesaiza yenu inaruhusu kurekebisha noti moja moja, mshusheni E kwa robo na muihifadhi hiyo kama sauti ya kudumu. Ila anzeni na hijazi.

Mwimbaji lazima avute pumzi. Gitaa halilazimiki, na hilo ni tatizo. Wekeni pumzi kwa makusudi: baada ya kila mshororo acheni nafasi, na kwenye nafasi hiyo sinthesaiza ijibu kwa noti tatu au nne, kama fidla inavyomjibu mwimbaji wa taarabu. Msijaze kila shimo.

Kipimo chetu cha mwisho kiko chini ya dirisha. Tunafanyia mazoezi ghorofa ya kwanza, na pale chini kuna mama anayepika mahamri kuanzia alfajiri na viazi karai jioni. Nikitunga wimbo naupiga dirisha likiwa wazi, siku tatu mfululizo, wakati anapochuja mafuta. Siku ya nne sipigi, nasikiliza. Wimbo wa bahari aliuvumisha siku ya nne hiyo hiyo, mwiko mkononi, akipita mshororo wa tatu kwa makosa. Nikashuka, nikamsikiliza vizuri, nikarekebisha mshororo wa tatu uwe alivyoukosea yeye. Ulikuwa mzuri zaidi. Nyimbo ambazo hakuzivumisha tumeziweka kwenye faili, hatuzipigi mbele ya watu.

Chakacha ndani ya mashine

Sasa mdundo. Mnaweza kupiga roki ya mapigo manne, wala hakuna ubaya. Lakini kama mnataka watu wa hapa wasimame, lazima mwelewane na chakacha, ngoma ya wanawake wa harusini ambayo Mombasa Roots na wenzao waliiingiza kwenye gitaa na vinanda vya umeme zamani. Chakacha inakwenda kwa sita: mguu unahesabu mbili, makofi yanahesabu tatu, vyote ndani ya duara moja.

Mashine nyingi za ngoma zina hatua 16, yaani nafasi 16 za kuweka pigo katika kila duara, na 16 haigawanyiki kwa sita. Vijana wengi hukata tamaa hapo wakarudi kwenye mapigo manne. Fupisheni duara lenu liwe na hatua 12. Ngoma nzito iwekeni hatua ya 1, 4, 7 na 10. Makofi yawekeni 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Tayari mna mbili dhidi ya tatu, na hata kabla hamjaongeza kitu kingine mabega yataanza kusogea.

Angalieni mwendo. Mashine inadhani hatua nne ni pigo moja, lakini nyinyi mnasikia pigo kila hatua tatu. Kwa hiyo mkitaka mapigo 112 kwa dakika, andikeni 84 kwenye kioo. Sisi tulipoteza miezi tukishangaa kwa nini mwangwi wa gitaa haukai na ngoma. Nilikuwa naweka pedali ya mwangwi, ile ya kukanyaga, kwa hesabu ya mashine. Kwa mwendo huu hatua moja ni karibu milisekunde 179. Pedali ya mwangwi ikiwekwa milisekunde 536 inaangukia kwenye mguu. Ikiwekwa 357 inaangukia kwenye makofi, na hiyo ndiyo naipenda: napiga noti moja, mwangwi wake unavuka ngoma mara tatu wakati mguu unakwenda mara mbili, na gitaa moja linakuwa kama watu wawili wanaopigiana.

Kisha haribuni unyoofu. Programu ina kitufe cha kuvuta kila pigo likae sawasawa kwenye mstari. Msikivute mpaka mwisho. Binamu yangu hupiga makofi kwa kidole chake mwenyewe kwenye pedi, duara nane tofauti, halafu huyavuta kidogo tu. Mara nyingine alimwalika shangazi yake wa Mtongwe, mpigaji chapuo, tukaweka maikrofoni moja tu chumbani na godoro nyuma yake, tukamrekodi nusu saa. Tumeishi na mapigo yake hayo kwa albamu mbili, na jina lake liko kwenye kila tulichotoa, na hisa yake imeandikwa. Mkimrekodi mtu wa ngoma fanyeni hivyo hivyo. Mapigo yake ni kazi yake.

Nani anapiga nini

Watu wawili na kompyuta: mtazamaji anaanza kujiuliza kama mnapiga au mmebonyeza kitufe. Kanuni yetu ni kwamba kompyuta haipigi kamwe wimbo wenyewe. Inabeba besi na ngoma na zile sauti ndefu za nyuma, wimbo uko mikononi. Nikiondoa mkono kwenye gitaa, ukumbi mzima lazima usikie kwamba kitu kimeondoka. Kompyuta tunaiweka pembeni, kioo kimelazwa, na sisi tunatazamana kwa mshazari ili watu waone vidole vya wote wawili.

Kadi ya sauti nunueni yenye matundu manne ya kutolea sauti. Mawili yaende ukumbini, la tatu liende kwenye hedifoni ya mmoja wenu likiwa na mlio wa kuhesabu mwendo. Mtauhitaji pale mnapokata ngoma zote na kukaa kimya duara zima kabla ya kurudi. Bila mlio ule sikioni, mmoja atarudi mapema. Ukumbini wekeni bafa, ile sauti kompyuta inayoilimbika kidogo kabla ya kuitoa, iwe sampuli 256, ambayo kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 6 tu, sikio halisumbuki na kompyuta haikwami. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi unaanzia kama hezi 82, na huko chini ndiko besi ya sinthesaiza inakokaa, kwa hiyo kateni sauti za gitaa chini ya hezi 100. Gitaa likisikika jembamba chumbani msijali. Ukumbini litakaa juu ya besi kama ngalawa juu ya maji.

Stima, chumvi na jua

Vitabu vya muziki vya nje havina sura hii, na mimi naona ndiyo inayoamua kama mtafika mwaka wa pili.

Harusi moja Kisauni, uwanjani chini ya hema. Wimbo wa tatu, stima ikakatika. Taa, spika, mikisa, vyote vikafa pamoja. Kompyuta tu ilibaki ikiwaka kwa betri, ikimulika uso wa binamu yangu. Hatukuchomoa chochote. Tulisimama tukingoja. Jenereta ikapigwa kamba mara ya kwanza, ya pili, ikashika, taa zikawaka nyeupe kupita kiasi kwa nukta moja, nikasikia mlio mdogo, "ta", kama ganda la njugu. Kisha harufu. Niliposhika adapta ya sinthesaiza ilikuwa imevimba ubavuni, moto haushikiki. Tulibaki na taishokoto bila umeme na mikono yetu. Nikauanza wimbo wa bahari karibu kabisa na safu ya mbele, hakuna aliyesikia zaidi ya mita tano, na akina mama wa safu hiyo wakaanza makofi ya tatu, na makofi yakarudi nyuma mpaka mwisho wa hema. Tulimaliza usiku ule. Adapta ilichukua wiki tatu kupatikana.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu hauna mjadala. Stima ikikatika, mkono wa kwanza unakwenda kwenye plagi kuu, inachomolewa. Stima au jenereta ikirudi, tunangoja dakika tano taa zitulie ndipo tunachomeka, tena kupitia stabilaiza. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, lakini hizo ni za kwenye karatasi. Jenereta ya kukodi ina mambo yake. Adapta ya akiba tunabeba kwa kila chombo. Mkiinunua, volti ziwe zile zile, ncha chanya na hasi ziwe upande ule ule kama mchoro ulio nyuma ya chombo, na ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikiwa pungufu itachemka.

Mkisikia mngurumo mzito usiokoma, mara nyingi huo ni mzunguko wa ardhi wa umeme, yaani vyombo vilivyoungana vinafika ardhini kwa njia zaidi ya moja. Tumieni kisanduku cha kutenganisha sauti chenye swichi ya kukata ardhi kwenye waya wa sauti. Msikate wala msitoe pini ya ardhi kwenye plagi. Gitaa la umeme liko mkononi mwako na nyuzi zake ni chuma; pini ile inalinda maisha.

Chumvi nayo. Upepo wa kaskazi au wa kusi, ufukweni ni chumvi tu, na nyuzi zikilala na chumvi usiku mmoja asubuhi zina kutu. Nikishuka jukwaani la hoteli napangusa kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu cha leso kuukuu. Leso nyingine inafunika sinthesaiza ndani ya sanduku, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nimewaomba wenye maduka wa Marikiti waniwekee. Na msiache ala ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kunywa kahawa. Gundi ya shingo ya gitaa inalainika na shingo inavuta.

Kazi, makaratasi na pesa

Jueni mwaka wa hapa unavyokwenda. Shaaban kuna harusi nyingi, Ramadhani hakuna kazi na sisi huo ndio mwezi wa kurekodi, usiku baada ya tarawehe, kwa hedifoni. Baada ya Idi harusi zinarudi. Hoteli zina watu Agosti, Disemba na Pasaka. Masika ya Aprili mpaka Juni ni makavu kwa pesa. Kazi za kwanza tafuteni ambako watu wanakuja kusikiliza: Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus, Alliance Française, Little Theatre Club. Nendeni wenyewe, kwa heshima, mkiwa na nyimbo nne kwenye simu, na muombe dakika 20 tu. Saa nzima ya muziki wa ala inataka bendi iliyoiva.

Mbele ya watu wasiowajua, msianze na kipande kirefu cha sauti za kuelea. Anzeni na wimbo wenye mdundo, wa pili uwe ule unaovumika zaidi, mambo marefu yaje baadaye mkishaaminiwa. Kati ya nyimbo mmoja wenu aseme jina la wimbo na neno moja juu yake. Watu wanapojua kwamba huu ni wimbo wa nahodha, wanaisikia bahari wenyewe. Jukwaa likiwa karibu na msikiti, ulizeni saa za adhana na mpange nyimbo ziishe dakika tano kabla.

Hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini ilitukawizia malipo miezi minne, kila wiki tukiambiwa meneja yuko safarini. Hatukuwa na karatasi. Sasa tuna ukurasa mmoja: tarehe, saa za kupiga, nani analeta spika, chakula, usafiri, jumla, na nusu ya jumla kwa M-Pesa kabla hatujafunga mizigo. Mwenye shughuli mwenye nia njema hakatai. Anayekataa, mpeni mkono wa kwaheri kwa adabu.

Haki zenu zina sehemu mbili: tungo na rekodi. Tungo ni ule wimbo wenyewe, rekodi ni sauti mliyoihifadhi. Andikisheni vyote kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na ulizeni hapo hapo ni chama kipi cha ukusanyaji kina leseni mwaka huo, maana hilo limebadilika mara nyingi. Kwa miaka mingi MCSK ilikuwa ya watunzi, PRISK ya wapigaji, KAMP ya wenye rekodi. Nyinyi ni vyote vitatu. Kwa muziki wa ala jambo hili ni zito kuliko kwa waimbaji. Sauti ya mtu inajulikana, lakini mdundo wenu ukiwekwa chini ya tangazo la duka hakuna atakayejua ni wenu. Wetu uliwahi kutumika hivyo, na kilichotuokoa ni mafaili ya kazi yenye tarehe, kila ala kwenye njia yake, yaliyohifadhiwa sehemu mbili.

Na mkitaka kupiga wimbo wa zamani wa taarabu kwa gitaa na mashine, tafuteni familia kwanza. Kwa sheria ya Kenya tungo inalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Wa mzee aliyefariki 2014 una wenyewe mpaka mwisho wa 2064. Sisi tuliwahi kwenda na halua na kahawa, tukakaa na watoto wa mzee mmoja saa tatu, tukatoka na ruhusa ya maandishi, na pia na mshororo ambao mzee alikuwa haupigi ila nyumbani.

Kusambaza mtandaoni ni rahisi, msambazaji yeyote atawapeleka Boomplay na Spotify na kuupa kila wimbo namba yake ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Ziandikeni daftarini. Spotify hailipi wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo toeni wimbo mmoja na muutembeze miezi miwili kabla ya mwingine. Pesa yetu kubwa bado ni ya harusi.

Mmebaki nyinyi wawili wenyewe. Bendi ya watu sita ikigombana, wanne wanasuluhisha. Nyinyi hamna wanne. Sisi tuligawana nusu kwa nusu kila tungo tangu siku ya kwanza, hata ule niliotunga peke yangu, hata ule alioutengeneza yeye usiku mzima mimi nikiwa nimelala. Tukaliandika na kutia sahihi. Matumizi ya vyombo yanatoka kwanza, na ala ni ya aliyeinunua. Kila Alhamisi baada ya magharibi tunafungua daftari barazani: kilichoingia, kilichotoka, nani anadai nini. Mwaka wa tatu hatukuongea wiki sita kwa ajili ya kazi moja ya Diani aliyoikubali bila kuniuliza. Alhamisi zote sita alikuja, akaketi, tukasoma daftari, akarudi kwenye feri. Ya saba alikuja na sinthesaiza begani.

Usiku wa kazi, kabla hamjaondoka, mmoja azunguke jukwaa na tochi, mwingine ahesabu waya kwa sauti akizitia kwenye begi. Sisi tuna 14. Zikiwa 13 hatuwashi gari.